Ruhusa ya mdomo iliyompeleka Kahonzi kwenye chumvi

Jua la saa moja na nusu asubuhi limeshaanza kuchoma katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na Kahonzi Dzombo ana saa nzima tangu aingie kazini. Amesimama katikati ya kidimbwi kilichokauka maji, gambuti zimemfika magotini, anakwangua chumvi kwa koleo pana na kuisukuma iwe kichuguu.

Wanawake wanane wako kwenye mstari mmoja. Hawazungumzi sana. Mwanga unaorudi kutoka kwenye chumvi ni mkali, na kila mmoja amevuta leso yake mbele ili imkinge macho.

Kahonzi, mwenye umri wa miaka 36, amefunga vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa vipande vya kitambaa. Ngozi imepasuka. Maji ya chumvi yakiingia kwenye ufa, anasema, ndipo mtu anapojua kwamba ana vidole.

"Si kazi mbaya hii. Wenzangu wanasomesha watoto kwayo," anasema bila kuinua uso. "Ila mimi sikuisomea."

Alichosomea ni kompyuta. Kwa miaka saba alikuwa fundi anayejulikana mjini Malindi, mwenye kibanda chake na wateja wake. Leo haruhusiwi na sheria kurudi alikokosea, na haruhusiwi na watu kurudi kwingine kokote.

Kahonzi alizaliwa Ganze, katika boma ambalo maji yalikuwa mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Baba yake, Dzombo Mwambire, alilima mahindi mvua ilipokubali, na ilipokataa akachoma makaa. Makaa hayo ndiyo yaliyomlipia binti yake stashahada katika chuo kimoja cha ufundi Mombasa.

Mwaka 2014 Kahonzi alikodi chumba Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi, na kibanda karibu na soko. Alianza kwa kutoa virusi kwenye kompyuta za maduka, kisha akaitwa na nyumba za wageni, kisha na shule. Mwezi mzuri ulimpa kama Sh30,000. Sehemu yake aliipeleka nyumbani, na baba yake akaacha makaa.

Mikataba hakuwa nayo. Hakuna fundi wa kiwango chake aliyekuwa nayo.

"Mtu ananipigia, 'Njoo, mashine imekufa.' Naenda, nafungua, nafufua, naondoka," anasema. "Neno 'njoo' ndilo lilikuwa mkataba."

Machi 2021 aliitwa na zahanati moja ya kibinafsi mjini. Gazeti hili halitaji jina lake, kwa kuwa wagonjwa waliodhurika bado wanatibiwa humo. Printa ya mapokezi ilikuwa imegoma.

Ili apakue programu ya ile printa, Kahonzi aliunganisha simu yake na waifai waliyowekewa wagonjwa kwenye benchi la kungojea. Kwenye orodha ya mashine zilizokuwa kwenye mtandao huo akaona jina la kompyuta ya kumbukumbu za zahanati. Akaligusa, akidhani litamdai nywila.

Halikudai. Likafunguka, na ndani yake mafaili yakiwa yamepangwa kwa miaka.

Yeyote aliyekaa kwenye benchi lile, anaeleza, akiwa na simu na udadisi kidogo, angeweza kusoma maradhi ya kila mtu aliyewahi kupita mlangoni. Hata mama yake mwenyewe, Kanze, anayetibiwa shinikizo la damu hapo, alikuwa humo.

Alifunga simu na kwenda kwa meneja, Gerishom, mtu aliyekuwa amemfanyia kazi mara tatu kabla ya siku hiyo. Alimweleza alichokiona. Kwa maelezo ya Kahonzi, ambayo ameyarudia bila kubadilisha neno mbele ya polisi, mahakamani na kwa mwandishi huyu, Gerishom alishtuka, akafunga mlango wa ofisi, kisha akamwambia: "Wewe ndiwe fundi. Hebu angalia hilo tundu ni kubwa kiasi gani, uniandikie nipeleke kwa wakurugenzi."

Walikuwa wawili tu ofisini. Kahonzi hakuomba karatasi.

Kwa alasiri mbili alikaa kwenye benchi la wagonjwa na kipakatalishi chake, akiingia faili baada ya faili na kuandika alichokikuta. Ripoti ilitoka kurasa tatu. Kurasa mbili zilieleza kosa na namna ya kulirekebisha. Ukurasa wa tatu ulikuwa ushahidi: picha ya skrini yenye majina ya wagonjwa kumi na mmoja, na mbele ya kila jina dawa anazotumia. Zilikuwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi.

"Nilitaka waogope," anasema. "Niliwaza nikileta maneno matupu watayatia kwenye droo. Nikachora hata mshale mwekundu, ili wasikosee pa kutazama."

Aliichapisha, akaitia kwenye bahasha, akamkabidhi Gerishom mkononi. Gerishom alimshukuru na kumlipa pesa za printa.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa, Kahonzi alikuwa kibandani simu yake ilipoanza kuingia ujumbe kutoka makundi mbalimbali ya WhatsApp. Picha ilikuwa moja. Mtu alikuwa ameupiga ukurasa wa tatu juu ya meza na kuusambaza.

"Kabla ya majina niliuona mshale wangu," anasema. Hapa anasimamisha koleo. "Nikakaa chini. Mteja alikuwa mbele yangu ananiuliza bei ya chaja, simsikii."

Jumanne iliyofuata polisi walifika. Walichukua kipakatalishi, diski mbili na simu. Alishtakiwa kwa makosa mawili: kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na kusambaza habari za siri za watu. Kosa la kwanza peke yake, chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao, linaweza kumpeleka mtu jela miaka mitatu.

Mahakamani, Gerishom aliapa kwamba alimwita fundi kwa ajili ya printa na si zaidi. Alisema kweli alipokea bahasha, ila hakuwa ameiomba. Ilibainika kwamba bahasha ile ilipita mikononi mwa watu wasiopungua wanne. Nani kati yao alipiga picha, mpaka leo haijajulikana.

Kumbukumbu za kompyuta ya zahanati, kwa upande wake, zilikuwa wazi. Zilionyesha kipakatalishi cha Kahonzi kikiingia mara sitini na nne kwa siku mbili. Hakukana hata moja.

Wakili Salman, aliyemtetea bila malipo, anasema kesi nzima ilisimama juu ya sentensi moja iliyosemwa ndani ya chumba kilichofungwa.

"Mwenye nyumba akikupa ufunguo, ukaingia, wewe ni mgeni wake," anasema wakili huyo ofisini mwake. "Ukiingia kwa ufundi wako, hata kama nia yako ni kumwonyesha kwamba kitasa ni kibovu, wewe ni mvamizi mpaka mwenyewe aseme vingine. Fundi na mdukuzi wanabonyeza vitufe vile vile. Kinachowatenga ni idhini, na idhini ya Kahonzi ilikuwa kinywani mwa mtu."

Alipotafutwa, Gerishom alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba aliondoka zahanati hiyo zamani, kwamba alisema yote mahakamani, na kwamba hana la kuongeza.

Kesi ilichukua miaka miwili na nusu. Iliahirishwa mara kumi na saba. Kibanda kilifungwa mwezi wa nne tangu akamatwe, kwa kuwa wateja walikuja kuchukua mashine zao hata zile zisizotengenezwa. Mmoja alimwomba amwonyeshe kwa macho yake kwamba hajabakisha kitu chake chochote.

Februari 2023 baba yake alifariki huko Ganze. Kahonzi alifika mazishini akiwa na tarehe nyingine ya mahakama mkobani. Waombolezaji walikuwa wamekaa kwenye majamvi, na simu kadhaa zilikuwa zikichajiwa kwenye kona ya nyumba kwa umeme wa sola. Alipopita karibu nazo kwenda kumpa mama yake mkono, mjomba wake alipaza sauti na kuwaambia watu kila mtu achukue simu yake, maana binti wa marehemu amefika.

Baadhi walicheka, wakidhani ni utani. Wengine waliinuka wakachukua simu zao.

"Sikulia kwa ajili ya baba siku ile," anasema Kahonzi. "Nililia kwa ajili ya zile simu. Bado sijamlilia baba inavyostahili."

Hukumu ilitolewa Oktoba mwaka huo. Kwa kosa la kusambaza, aliachiliwa: hapakuwa na ushahidi hata chembe. Kwa kosa la kuingia bila idhini, alipatikana na hatia. Hakimu alisema anaamini mshtakiwa hakuwa na nia mbaya, lakini ujuzi si ruhusa. Akampa kifungo cha nje cha miezi kumi na minane, pamoja na kufagia ua wa ofisi moja ya serikali.

Salman alimshauri akate rufaa. Alikuwa na siku kumi na nne za kufanya hivyo. Siku ya kumi na tano ilimkuta ameshika ufagio.

Katika ofisi ile, asubuhi moja, kompyuta tatu ziligoma kwa pamoja na foleni ya wananchi ikafika hadi barabarani. Karani mmoja alitoka nje akamwambia aweke ufagio chini aingie kuwasaidia, kwani kila mtu alijua yeye ni nani. Kahonzi alimwambia amwandikie barua kwanza. Karani alicheka, akidhani anatania, kisha akaudhika na kurudi ndani. Foleni ilikaa hadi saa nane. Kahonzi alifagia akiizunguka.

"Nilikuwa najua tatizo ni nini," anasema. "Nililiona kwa dirisha. Ilikuwa kazi ya dakika tano."

Adhabu ilikwisha mwaka huu. Kazi haikurudi. Kila mwajiri wa kompyuta anadai cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na cheti cha Kahonzi kinaonyesha hatia. Ametuma maombi sehemu kumi na mbili. Tisa hawakujibu.

Mwalimu Zipporah, mkuu wa shule moja ya kibinafsi ambayo kompyuta zake zilitunzwa na Kahonzi kwa miaka sita, ni mmoja kati ya watatu waliojibu. Alimwita ofisini, akampa chai, na kumwambia haiwezekani.

"Ningemkabidhi nyumba yangu," anasema mwalimu huyo. "Lakini mzazi akiniuliza ni nani anayeshika alama za mtihani za watoto, nimjibu nini? Nimjibu kwamba alihukumiwa, ila mimi namjua?"

Ndipo akaja chumvini. Analipwa Sh500 kwa siku, siku zenye kazi. Mvua za masika zikianza, chumvi huyeyuka na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Chumba chake cha Kisumu Ndogo amekiacha, na sasa analala Gongoni na wanawake wengine watatu.

Kuna jambo jingine linalomkosesha raha. Hajui kama tundu lile liliwahi kuzibwa. Mama yake bado anatibiwa palepale kila mwezi, na faili lake liko mahali palepale. Kujua ni rahisi: kukaa kwenye benchi, kuwasha simu, kutazama.

"Nitazame kwa ruhusa ya nani?" anauliza. Akimsindikiza mama yake kliniki, simu huiacha kwa mwenye duka ng'ambo ya barabara.

Ukimsikiliza mpaka hapa, utadhani Kahonzi anajiona ameonewa. Anajiona hivyo, lakini si hivyo tu.

Miongoni mwa majina yale kumi na moja lilikuwamo la mama mmoja wa mtaa wa Shela mjini Malindi, mwenye asili ya visiwa vya kaskazini. Tutamwita Batuli, si jina lake. Ana miaka 54. Kwa miaka mingi aliuza mahamri na viazi vya karai mbele ya nyumba yake. Ilimchukua mwandishi huyu majuma matatu kukubaliwa kuzungumza naye, na alikubali kwa sharti kwamba maneno yake yasipunguzwe.

Picha ilienea Ijumaa. Jumamosi Batuli aliamka, akakanda unga, akachoma mahamri mia moja na ishirini. Aliuza manne, yote kwa mgeni aliyekuwa akipita njia. Kwa wiki moja alichoma na kumwaga, kisha akaacha. Mwezi uliofuata posa ya bintiye ilirudishwa. Waliokuja kuirudisha walikuwa na adabu, anasema, na hawakutaja sababu.

"Mwenyezi Mungu alinisitiri miaka tisa," anasema Batuli. "Nilikunywa dawa zangu, nikalea wanangu, nikazika mume wangu, na hakuna aliyejua. Watu wa kompyuta wakanifunua kwa siku moja."

Kahonzi alimwendea mwaka ule ule, kesi ikiwa bado mbichi. Alisimama mlangoni, akatoa shikamoo, akaeleza kwamba si yeye aliyesambaza. Batuli alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia maneno ambayo kila mmoja wao, akiwa peke yake, aliyakariri kwa mwandishi huyu kwa namna ile ile.

"Labda hukusambaza, mwanangu. Lakini ulinisoma. Ulinisoma, ukaniandika, ukanichorea mshale."

Kahonzi halikani hilo.  Angeweza kuyafuta majina kwenye ile picha kabla ya kuichapisha. Angeweza kuyafunika kwa mstari mweusi. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kuchora mshale.

"Mahakama ilinihukumu kwa jambo ambalo naapa niliambiwa nilifanye," anasema. "Na lile nililolifanya kwa akili yangu mwenyewe, hakuna aliyeniuliza. Si polisi, si wakili, si hakimu. Ni yule mama peke yake."

Saa sita nyapara anapiga filimbi. Wanawake wanaketi chini ya kibanda cha makuti na kufungua vyakula vyao. Kahonzi anatoa mfuko wa plastiki mkobani. Ndani yake mna karatasi zilizoandikwa kwa mkono, kwa kuwa kompyuta hana tena. Kile kipakatalishi alichorudishiwa baada ya kesi hakiwaki, naye hakutaka kukitengeneza.

Juu ya kila karatasi ameandika: Barua ya Ruhusa ya Fundi. Chini yake kuna nafasi ya jina la mwenye mashine, mashine yenyewe, kile ambacho fundi anaruhusiwa kufungua, kile asichoruhusiwa, tarehe, na sahihi za wote wawili. Mwisho kuna maagizo mawili kwa fundi. La kwanza linamkataza kugusa kisichoandikwa hapo juu. La pili linamkataza kunakili majina.

Mwezi uliopita alizunguka vibanda tisa vya mafundi mjini Malindi. Wawili walizichukua. Mmoja wao, Ziro, alizitumia kwa siku nne kisha akaziacha.

"Mteja akiona karatasi anahisi namshuku," anaeleza Ziro. "Anakwenda kwa jirani asiyemdai sahihi. Mimi namwelewa Kahonzi sana, lakini nina kodi."

Kabla ya kuanza kuzigawa, Kahonzi alikuwa amepeleka moja kwa Batuli. Hakukaribishwa ndani. Batuli aliisoma akiwa amesimama kizingitini, polepole, na alipomaliza akaomba kalamu.

Agizo la pili Kahonzi alikuwa ameliandika hivi: Usinakili jina la mteja. Batuli alikata neno la mwisho na juu yake akaandika: mtu.

"Mimi sikuwa mteja wake," anasema Batuli. "Mteja wake ilikuwa zahanati. Mimi hakuwahi hata kuniona." Akiulizwa kama amemsamehe, anatikisa kichwa. Anasema msamaha haujamjia, na hatajilazimisha. Karatasi, hata hivyo, aliona ni ya maana, ndiyo sababu aliisahihisha.

Kahonzi alirudi Gongoni akaandika upya karatasi zote ishirini, kila moja ikiwa na neno lile.

Jumamosi hii hana zamu. Anapanga kwenda Kilifi mjini na mfuko wake, aanzie vibanda vya karibu na stendi na kushuka mpaka vya sokoni. Hatarajii mengi. Wakichukua watatu, anasema, atarudi Jumamosi nyingine.

Amechagua Kilifi kwa sababu huko hana mteja wala rafiki wa zamani.

"Jina langu sitawaambia," anasema, akizirudisha karatasi mfukoni. "Wakilijua, hawatasoma."